Nyuzi Nyekundu kwenye Jora la Dada

Nina macho mabaya. Si kwamba hayaoni. Ubaya wake ni kwamba yanaona hata yasiyoyahusu. Nikikaribishwa kwa mtu, kabla sijaiona chai nimeshaona pindo la kitambaa cha meza lilipokwenda upande, na nikinyamaza huwa nanyamaza kwa shida. Macho hayo ndiyo yaliyonipandisha cheo Thika, na ndiyo yaliyomwondoa dada yangu kazini. Watu wakiniuliza habari za miaka ya tisini huwa nawapa hadithi ya soko huria na viwanda kufungwa, kama kila mtu wa Thika anavyosimulia. Sehemu yangu huwa naiacha. Leo siiachi.

Kwetu ni magharibi, katika vijiji ambavyo siku hizo vililima pamba. Dada alinitangulia kuzaliwa kwa miaka kumi, na Thika alinitangulia kwa karibu miaka hiyo hiyo. Aliajiriwa kiwanda cha nguo kama mfumaji, na nilipomaliza shule ya msingi akatuma nauli na barua fupi: njoo na sweta, huku kuna baridi. Kisha alimfuata msimamizi wa zamu mwezi mzima kunitafutia nafasi. Alimfuata getini, akamfuata kantini, akamfuata hata kanisani, mpaka yule mzee wa Kikuyu akashindwa.

"Mama, wewe ni kupe kabisa," akamwambia. "Mlete huyo msichana, na mimi nipate kuomba kwa amani."

Ndivyo nilivyoingia kazini, kwa ukupe wa dada yangu.

Alinifundisha yeye mwenyewe. Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, ndizo mtande, na uzi unaopita katikati yao kwenda na kurudi, ndio mshindio. Uzi ukikatika mashine inasimama, na mfumaji ana pumzi mbili tatu za kuutafuta, kuufunga na kuiwasha mashine tena, huku nyingine tatu zikimwita. Fundo ndilo kazi. Kila mfumaji alikuwa na fundo lake, kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Dada alifunga kwa kidole gumba na cha kati, kwa kuwa cha shahada kilikatwa na jembe utotoni, na fundo lake lilitoka dogo, gumu, limelalia kushoto. Ningelipapasa gizani nikajua ni lake.

Mle ndani makelele yalikuwa hayasemeki, kwa hiyo hatukusema. Wafumaji wote walizungumza kwa midomo bila sauti, mmoja huku na mwingine kule, safu tano za mashine katikati. Tulisengenyana hivyo, tukaulizana bei ya nyanya, tukapeana habari za misiba. Hata mtaani ungemjua mfumaji kwa jinsi alivyokutazama mdomo badala ya macho. Nilipokuwa mgeni niliona ni uchawi. Baada ya miezi sita nilikuwa nacheka na watu walio mbali hivi kwamba sikuwahi kusikia sauti zao.

Tuliishi chumba kimoja Makongeni, mimi na dada na binti yake mdogo. Shemeji alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta. Thika ya wakati huo iliishi kwa ving'ora. Kila kiwanda kilikuwa na chake, na kila mama alijua kipi ni kipi: kile cha chini cha kuamsha watoto, kile cha pili cha kuinjika chai, kile chetu cha kutoka mbio. Hakuna aliyenunua saa ya ukutani. Ilikuwa ni kutupa pesa.

Baada ya miaka michache waligundua macho yangu. Wakanitoa kwenye kelele, wakanipeleka chumba cha ukaguzi, wakanivalisha koti jeupe. Tulikuwa wanawake sita. Kila mmoja alikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake, na jora lilivutwa juu ya taa hiyo, mita baada ya mita, nasi tukaona kila kitu: uzi uliokatika, doa la mafuta, fundo lililovimba. Penye dosari tulifunga uzi mwekundu kwenye pindo. Jora lenye nyuzi nyekundu chache lilikuwa gredi ya kwanza, likaenda madukani Nairobi. Lenye nyingi lilikuwa rijekti, likauzwa dukani getini kwa wafanyakazi na maskini wengine.

Sasa nieleze jambo ambalo halikuandikwa popote lakini kila mtu alilijua. Kila mkaguzi alikuwa na mtu wake kwenye mashine. Huenda ni aliyemtafutia kazi, au aliyembebea mtoto mgongoni alipougua. Jora la mtu huyo likipita mezani, mkaguzi hakufunga uzi mwekundu mara moja. Aliliweka kando, na saa ya chai akachukua sindano, akalisukuma fundo nyuma ya kitambaa, akauvuta uzi ukakaa, akasugua kwa ukucha mpaka pakalala. Tuliita kufunika. Haikuwa wizi, maana kitambaa kilitoka kikiwa kizuri kweli. Ulichotoa ni chai yako. Mfumaji asiye na wa kumfunika tulimwonea huruma kama yatima.

Mimi nilimfunika dada yangu miaka mingi. Mashine zake zilikuwa nne za ukutani, kongwe kuliko zote, zikikata nyuzi kwa hasira za uzee, na vipuri vilisemekana viko njiani kutoka ng'ambo tangu mimi niko na nywele nyeusi tupu. Fundo lake dogo lililolalia kushoto lilikuwa rahisi kulaza. Chai yangu ilipoa kila siku na sikuona taabu. Jioni alinichekelea, "Leo umenifunika mara ngapi?" nami nikamwambia, "Leo hata blanketi halingetosha."

Kisha likaja soko huria.

Kwetu lilianza kama neno la redioni. Milango imefunguliwa, walisema, ushindani utatuamsha, wenye nguvu watabaki. Baada ya neno zikaja nguo. Mitumba ilikuwako tangu zamani, kidogo kidogo, ya kuvaliwa kwa kujificha, lakini sasa ilimwagwa sokoni kama mchanga wa ujenzi. Na siwezi kudanganya, watu walivaa. Watoto waliokuwa wakienda shule na kaptura yenye viraka viwili matakoni walipata suruali nzima. Mimi mwenyewe nilinunua koti la sufu lenye vifungo vya shaba, na nilitembea nalo kama mke wa waziri. Kanisani msimamizi wetu alisimama akaomba Mungu akumbuke kiwanda chetu, kitambaa chetu kipate wanunuzi, na sisi sote tukaitikia amina tukiwa tumevaa mitumba kutoka shingoni hadi nyayo. Hakuna aliyeona aibu. Nadhani hakuna aliyeona kabisa.

Siku moja meneja aliwaita wakaguzi sita ofisini. Juu ya meza alikuwa ametandaza kitambaa cha ng'ambo, bluu ya bahari, kipya.

"Nitafutieni kasoro," akasema.

Wenzangu walikitazama kwa adabu wakarudi nyuma. Mimi nilikipeleka dirishani. Nilikipapasa kwa mkono wa kulia, nikakipapasa kwa wa kushoto, nikafumba macho nikakipapasa tena. Kilikuwa laini kama maziwa, hakikuwa na fundo hata moja. Niliona aibu kana kwamba nimevuliwa nguo mbele ya watu.

"Sioni," nikasema.

"Hiki kinauzwa Nairobi kwa bei ambayo sisi hata pamba yake hatuipati," akasema meneja. "Kwa bei hatukiwezi. Tutakishinda kwa ubora peke yake. Kazi za watu elfu na kitu ziko machoni mwenu."

Alisema machoni mwenu, lakini alikuwa ananitazama mimi. Nami nilimwamini kama mtu aliyeokoka jana.

Tulipotoka, mkaguzi mwenzangu, mama wa Gatanga aliyekaa meza iliyofuatana na yangu, alinikaribia. "Wee, umesikia hayo?" akasema. "Mimi mtu wangu nitamfunika mpaka siku ya mwisho. Soko huria halijawahi kunibebea mtoto."

Nilimwona mshamba. Nilimwona ndiye anayetuua. Usiku ule sikulala nikifikiria kile kitambaa cha bluu, na nilipoamka nilikuwa nimeshakata shauri: kuanzia siku hiyo hakuna fundo litakalopita mbele yangu, liwe la nani. Wenye nguvu watabaki, na dada yangu atakuwa ndani ya wenye nguvu kwa sababu mimi nitakuwa nimekiokoa kiwanda kizima. Mtu akinipa nafasi ya kujitetea mbele ya Mungu nitasema hayo, na nitasema kweli. Lakini kulikuwa na maringo pia ndani yake. Koti jeupe, meneja kunitazama mimi, macho yangu kuwa dawa ya nchi. Nisiyafiche hayo.

Saa ya chai nilikunywa chai. Ilikuwa ya moto, na nakumbuka nilishangaa ilivyokuwa tamu.

Jora la kwanza la dada nililolikagua hivyo lilipata nyuzi nyekundu kumi na nne. Jioni hakunichekelea. Alikuwa ameinama juu ya jiko la makaa akikoroga sukuma, akanisubiri nivue viatu.

"Leo majora yangu yamerudi mekundu kama yana surua," akasema. "Ulikuwa mgonjwa?"

"Sikuwa mgonjwa. Mambo yamebadilika, dada. Lazima kitambaa kiwe safi."

"Unazijua mashine zangu."

"Nazijua. Lakini soko huria halitaki visingizio."

Nilimwambia hivyo. Mtu aliyemfuata msimamizi hadi kanisani kwa ajili yangu nilimwambia soko huria halitaki visingizio, na yeye akanitazama mdomo kwa muda, kama wafumaji wanavyotazama, kisha akaniwekea ugali. Mboga aliniwekea nyingi kuliko yake, kama siku zote.

Alijaribu. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alijaribu. Alianza kufika kazini kabla ya zamu ili azifute mashine zake na kuzipaka mafuta mwenyewe, kazi ambayo ilikuwa ya mafundi. Alifunga mafundo madogo zaidi, polepole zaidi, na mashine zilizosubiri zikakata nyuzi nyingine. Kila siku nilifunga nyuzi nyekundu nikijiambia kesho zitapungua. Wenzangu watano walitikisa kichwa kukubali meneja alipozungumza, kisha saa ya chai wakatoa sindano zao kama kawaida. Niliwajua na nikawadharau.

Baada ya miezi kama minne meneja alitangaza kwamba lazima watu wapungue. Kitambaa kilikuwa hakitoki stoo. Alisema itakuwa haki bin haki, hakuna kabila wala undugu: watatangulia wafumaji ambao kitambaa chao kilikuwa na dosari nyingi kwenye meza za ukaguzi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nyuzi zangu zingetumiwa hivyo. Lakini pia sikuwa nimeuliza. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahenga hawakunijua mimi.

Orodha ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wa mashine. Sikuhitaji kuisoma. Nilitoka chumba cha ukaguzi nikasimama penye mlango wa kioo, na nikamwona dada upande wa pili, anavua aproni, anaikunja mara nne, anaiweka juu ya mashine yake ya mwisho kana kwamba atarudi kuichukua. Mashine za wengine zilikuwa bado zinanguruma. Akageuka akaniona. Midomo yake ikasema bila sauti:

"Mimi ndiye nitapika leo. Usipite sokoni."

Nilitikisa kichwa kuonyesha nimesikia. Kisha nikarudi kwenye meza yangu, nikamaliza zamu.

Jioni hiyo nilikuwa nimedhamiria kumwambia. Maneno yalikuwa yamekaa ulimini. Lakini yeye akaanza kwanza. "Wameondoa sisi wa mashine za ukutani," akasema. "Zile zimekwisha, hata ungemweka malaika." Nilimwona amenifungulia mlango wa kunyamaza, nami nikaupita bila hata kuinama. Binti yake alikuwa kitandani anafunika vitabu kwa gazeti. Alikuwa kidato cha kwanza, na alikuwa na akili zile ambazo walimu huita mzazi shuleni kuzisifu.

Alimaliza muhula huo na mmoja mwingine. Mimi nilisaidia nilivyoweza, lakini mshahara wangu wenyewe ulikuwa umeanza kuja nusu, na nyumbani kwetu baba alikuwa ameshang'oa pamba akapanda mihogo, maana hakukuwa tena na kiwanda cha kuichambua. Dada alihamia Ruiru, ambako chumba kilikuwa nafuu na ambako mwenzake wa zamani wa kazi alimpa kipembe cha meza sokoni. Alikwenda kuuza mitumba. Mfumaji wa miaka karibu ishirini, mikono iliyofuma shiti za mahospitali na kaki za sare za shule, ikawa inachambua robota za nguo zilizovaliwa na watu asiowajua. Kila siku alianza kwa kuchuma kahawa upande wa Murera alfajiri, kisha sokoni. Binti aliacha shule, akawa anafulia wanafunzi wa chuo nguo kule Kahawa Wendani. Mtoto aliyepaswa kwenda chuo alikwenda chuo, lakini alikwenda na sabuni ya kipande.

Nilimtembelea dada kila Jumapili. Nilimpelekea vipande vya rijekti kutoka duka la getini, naye alinipikia. Hakuniuliza kitu. Nikichelewa alitoka akasimama karibu na stesheni ya reli kuniangalia nikija, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Na kiwanda? Tulifuma kitambaa kizuri kuliko wakati wowote. Waliobaki walifunga mafundo kwa woga, na waliofunikwa walifunikwa. Majora ya gredi ya kwanza yalipangwa stoo mpaka yakagusa paa, safi, yamenyooka, na hayakupata mtu. Wachuuzi waliokuja getini walikuwa na neno moja. "Leta zile mbaya," walisema. "Hizo nzuri mkae nazo. Mteja wangu anataka bei." Wiki nyingine rijekti zilikwisha kabisa, na mlinzi aliwarudisha watu huku nyuma yake kuna stoo imejaa kitambaa kisicho na doa. Nilikwenda siku moja kuyaona majora yangu. Panya walikuwa wameanza chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu hata mmoja, Thika wala Nairobi, aliyewahi kuacha kununua nguo yetu kwa sababu ya fundo la dada yangu.

Ving'ora vilinyamaza kimoja kimoja. Cha kwanza kiliponyamaza, jirani yangu aliunguza githeri, akatoka nje akatukana kiwanda kama mtu aliyevunjiwa ahadi. Vilivyofuata hakuna aliyevitukana. Chetu kilinyamaza mwishoni, karibu miaka mitatu baada ya orodha ile. Hakukuwa na hotuba. Tulifika asubuhi tukakuta geti limefungwa kwa mnyororo mpya, na msimamizi wetu, yule mzee, amekaa juu ya jiwe amevua kofia.

"Nendeni nyumbani, watoto wangu," akasema. "Hata mimi sijui nangoja nini hapa."

Nilikaa Makongeni mwezi mmoja nikitazama ukuta. Kisha nikakunja godoro nikaenda Ruiru, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine. Dada alisogeza nguo zake upande mmoja wa meza. "Hapa panakutosha," akasema. Ndiyo mapokezi yote.

Biashara ile haikunipenda. Dada alikuwa amejua kupiga mbiu, kutania wanaume wanaoshuka treni ya jioni, kumwambia mama mnene kwamba gauni limemngoja yeye tangu Ulaya. Mimi nilikuwa nakunja nguo na kunyamaza. Mchana mmoja mwanamume mmoja, karani kwa sura yake, alichukua shati jeupe akaliinua, akaliridhia, akaingiza mkono mfukoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyoosha kidole.

"Angalia hapo kwapani," nikasema. "Pana tundu."

Alitazama, akaliweka chini, akaenda zake.

Dada alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka muuza viatu wa jirani akauliza kuna nini. "Ngoja niwaambie!" akasema. "Huyu mdogo wangu hata tundu la mzungu hawezi kulinyamazia! Mzungu mwenyewe labda alishakufa!" Soko zima la upande ule likacheka. Mimi nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, nimeshika lile shati, na nilipojaribu kuacha ilikuwa kama kuzuia maji kwa vidole.

Kicheko chake kikakatika. "Wee! Ni utani tu."

"Dada, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Zile nyuzi nyekundu. Niliacha kukufunika. Wengine hawakuacha, ni mimi peke yangu. Ni mimi niliyekutoa kazini."

Alilichukua lile shati mkononi mwangu. Akalifunga kifungo cha juu, akalikunja mikono, akalikunja katikati.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Niliisoma orodha mara mbili. Kila mfumaji aliyekuwa na mtu wake kwenye meza alibaki. Walioenda ni wale mayatima, pamoja na mimi. Na mimi nilikuwa na mtu."

Nilimuuliza mbona hakusema. Akaniambia angemwambia nani, na kwamba kama angenifukuza, Jumapili angetembelewa na nani. Nikamwambia nilivyofikiri: kitambaa kikiwa kizuri kiwanda kitapona, na sisi sote tutapona nacho. Hakunikatiza. Aliniacha nimalize mpaka maneno yangu yakaniishia yenyewe.

"Najua ulivyofikiri," akasema. "Na kufungwa kingefungwa tu. Hata ningekuwa nafuma hariri, kingefungwa. Lakini kilikaa miaka mitatu kabla ya kufungwa." Alilisawazisha shati kwa kiganja. "Hiyo mitatu ndiyo ungeniachia. Mimi nilikuwa nahitaji hiyo mitatu tu."

Sikuhitaji kuelezwa mitatu ya nini. Kutoka mwisho wa kidato cha kwanza hadi mwisho wa cha nne ni miaka mitatu.

Tulikaa hivyo, yeye anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kisha binti yake akatokea kutoka upande wa barabara, amerudi kutoka Wendani mapema, amebeba chupa ya chai kwapani na mandazi kwenye gazeti. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni, vyeupe kwenye ncha. Alinisalimu mimi kwanza, akanimiminia mimi kwanza, ndipo akaniona uso.

"Mama mdogo, mbona unalia?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshaanza siku hiyo kusema kweli na nilidhani nitaendelea. Dada alinitangulia.

"Ni vumbi la mitumba," akamwambia binti yake. "Tumefungua robota leo. Bado hajazoea."

Msichana akanishika mkono, akanipa kikombe.

"Pole, mama mdogo," akasema. "Hata mama lilikuwa linamliza hivyo hivyo, mwaka wa kwanza wote."